Maswali ya Wasomaji: Jicho, Mwanga na Ubongo

Maswali mengi mliyotuletea mwezi huu yalihusu miwani na dawa za matone. Hayo tunayaweka kando kwa leo. Tumechagua yanayohusu kazi yenyewe ya kuona: mwanga unapoingia jichoni unafanywa nini, na kwa nini wakati mwingine kazi hiyo inakwama.

Naendesha lori usiku. Gari la mbele likinipiga fulu, sioni kitu kwa sekunde kadhaa hata likishapita. Mboni si inafunguka tena papo hapo? Na je, ile miwani ya njano wanayouza stendi inasaidia?
*Dereva, Morogoro*

Mboni inafunguka haraka, ndiyo, lakini mchango wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mwanga mkali ina upana wa milimita 2 hivi, na gizani hufika hadi 8 kwa kijana. Maana yake eneo la kupitishia mwanga linaongezeka mara 16 tu, wakati tofauti kati ya jua la saa sita mchana na usiku usio na mwezi ni ya mara mamilioni. Pengo hilo linazibwa na retina, ule utando ulio nyuma ya jicho, na unaliziba kwa kemia.

Retina ina aina mbili kuu za seli zinazopokea mwanga. Seli fimbo ni takriban milioni 100, nazo ni za giza. Koni ni kama milioni 6, nazo ni za mchana na za rangi. Ndani ya kila seli fimbo kuna rodopsini nyingi mno, na kila rodopsini ni protini iliyoshika kipande kidogo kilichotokana na vitamini A, kikiwa kimejikunja. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikikipata kipande hicho, kinanyooka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Protini inabadilika umbo, inaamsha protini nyingine nyingi, na mwishowe umeme unaoingia kwenye seli unapungua. Hujasoma vibaya: unapungua. Gizani seli hizi hutoa kemikali yao ya ujumbe mfululizo, na mwanga ndio unaozipunguzia kasi.

Shida yako inaanzia hapo. Kipande kilichonyooka hakijikunji chenyewe. Kinatoka kwenye protini, kinahamia kwenye tabaka la seli nyeusi lililo nyuma ya retina, kinakunjwa upya, kisha kinarudishwa. Mtu akitoka juani akaingia giza totoro, koni zake huchukua dakika 5 hadi 10 kufikia uwezo wao wa mwisho, na seli fimbo huhitaji dakika 30 hadi 40. Taa za gari hazimalizi rodopsini yote, ndiyo maana wewe unapotea kwa sekunde chache tu. Lakini zipigie hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 5 za kutoona ni mita 111 za barabara.

Kwa hiyo usiziangalie taa zenyewe. Likitokea gari, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara na uufuate mstari mweupe mpaka lipite (wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo watafuata ukingo wa kulia). Punguza mwendo kabla hamjapishana, ukishapofuka umechelewa. Punguza mwanga wa dashibodi na uzime kioo cha simu. Na usafishe kioo cha mbele kwa ndani. Madereva wengi huosha nje tu, kumbe utando wa moshi na mafuta ulio ndani ndio unaotawanya mwanga wa taa ukajaa kioo kizima.

Miwani ya njano tunaikataa. Inazuia sehemu ya mwanga, na gizani huna mwanga wa kupoteza. Inapunguza ukali wa taa za mwenzako, sawa, lakini inapunguza pia mwanga unaorudi kutoka kwa mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi. Fedha hiyo nunulia waipa mpya.

Jambo la mwisho ni umri. Lenzi ya jicho hugeuka njano na kutawanya mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na mboni haifunguki tena kama zamani. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa 20. Ukiona mng'ao wa taa unazidi kukusumbua mwezi hadi mwezi, kapimwe mtoto wa jicho.

Mjukuu wangu ana miaka 3. Mchana anacheza vizuri, jioni ikiingia anapapasa ukuta na kujikwaa kwenye vitu. Majirani wanasema atazoea.
*Bibi, Dodoma*

Hatazoea, bibi. Ukishasoma jibu la dereva hapo juu utaona sababu: bila vitamini A seli fimbo hazina cha kukunja, na kuona gizani ndiko kunakoathirika kwanza. Mpeleke kituo cha afya wiki hii hii. Waambie waangalie pia kama weupe wa macho umekauka au una vidoa vinavyofanana na povu upande wa pembeni, kwa sababu baada ya hapo ugonjwa unahamia kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, na kovu la konea halirudi nyuma.

Matone ya vitamini A ya kinga hutolewa kila baada ya miezi 6: yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla hajatimiza miaka 5. Mtoto mwenye dalili hupewa matibabu kwa ratiba nyingine, na ratiba hiyo ni ya mhudumu wa afya, si ya kununua dukani. Nyumbani mpe viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, papai, embe bivu, mchicha, matembele, mayai, na maini mara mojamoja. Mboga ziungwe kwa mafuta kidogo, kwani vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta. Mchicha wa kuchemsha mtupu unampita tu.

Baharini usiku naona taa ndogo kwa pembeni ya jicho, nikiigeukia inapotea. Hata Kilimia nikikikazia macho naona nyota chache kuliko nikitazama kando. Jicho langu lina kasoro?
*Mvuvi wa dagaa, Mafia*

Halina. Ukimgeukia mtu au kusoma maandishi, unaielekeza picha kwenye kishimo kidogo katikati ya retina kiitwacho fovea. Pale koni zimebanana kuliko mahali pengine popote, na katikati kabisa hakuna seli fimbo hata moja. Mchana hapo ndipo unapoona vizuri zaidi. Usiku wa giza hapo ndipo penye upofu. Seli fimbo zimejaa zaidi umbali wa nyuzi 20 hivi kutoka katikati. Kwa hiyo nyosha mkono mbele yako: ngumi yako ina upana wa nyuzi 10 hivi. Elekeza macho ngumi moja au zaidi kidogo kando ya kitu unachokitafuta, huku umakini wako ukibaki kwenye kitu chenyewe. Mwanzoni macho yatakuwa yanakimbilia kwenye kitu. Ndani ya siku chache yatatulia.

Seli fimbo moja ina uwezo wa kuitikia fotoni moja. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne, huko New York, walipima watu waliokaa gizani na kukuta kwamba fotoni kati ya 5 na 14 hivi zikinaswa na seli fimbo, mtu anaona kimweko. Bei ya wepesi huo ni ukungu: seli fimbo nyingi huchangia waya mmoja wa neva kuelekea kwenye ubongo, kwa hiyo unajua kuna kitu upande ule, ila hujui kama ni dau au mashua.

Kwa kazi yako, karabai ndiyo adui. Kuzoea giza hufanyika katika kila jicho peke yake, hivyo ukilazimika kuishughulikia taa, fumba jicho moja na ulitunze. Tochi ya kusomea au kufungia nyavu ifunike kwa plastiki nyekundu na iwe hafifu: seli fimbo karibu haziuoni mwanga mwekundu uliokolea, kwa hiyo rodopsini yake haitumiki. Wekundu huo una hasara yake pia. Giza likianza kuingia, boya jekundu ndilo linalogeuka jeusi kwanza, wakati la buluu au la kijani linaonekana kung'aa kuliko lilivyokuwa mchana. Ukitaka boya lionekane usiku, lipake nyeupe au libandike kiakisi.

Shikamooni. Mwalimu ametufundisha kwamba picha kwenye retina iko kichwa chini miguu juu. Mbona hatuoni dunia imepinduka? Ubongo unaigeuza wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega*

Marahaba. Mwalimu yuko sahihi. Johannes Kepler alilieleza hilo mwaka 1604. Swali lako ndilo lina mtego. Linadhani kwamba ndani ya ubongo kuna mtu mwingine mdogo anayeitazama picha, na kwa hiyo lazima mtu huyo ageuziwe picha hiyo. Hayupo. Ubongo unapokea ishara za umeme tu, na kinachohitajika ni kwamba ishara ya sehemu ya chini ya retina iende sambamba na mkono kunyooka juu, kwa kuwa mwanga wa hapo unatoka juu. Mwaka 1897 George Stratton, mwanasaikolojia wa Marekani, alivaa kwa siku 8 lenzi zinazopindua picha. Mwanzoni alikuwa akipeleka mkono upande usio. Kuelekea mwisho alikuwa akitembea na kushika vitu bila taabu kubwa.

Jaribu mwenyewe. Kaa penye mwanga hafifu, fumba macho, yaelekeze upande wa pua, kisha kwa ncha ya kidole gusa taratibu kope ya jicho la kulia kwenye kona ya nje, upande wa sikio. Utaona duara dogo, la giza au la mwanga, likitokea upande wa pua. Umesukuma retina upande wa kulia, na ubongo unasoma kwamba kitu kiko kushoto. Gusa tu, usibonyeze, na mwenye presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho asijaribu kabisa.

Jaribio la pili: chora msalaba kwenye karatasi, halafu kulia kwake, umbali wa sentimita 8, weka doa la wino lenye upana kama wa punje ya mahindi. Fumba jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kulia, na usogeze karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Inapofika sentimita 30 hivi doa linatoweka. Hapo limeangukia mahali neva inapotokea jichoni, ambapo hakuna seli ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua pengo hilo katika karne ya 17. Kama doa halikutoweka, mara nyingi ni kwa sababu macho yameliibia. Rudia huku ukikazia msalaba. Kisha chora mstari unaopita katikati ya doa, urudie tena: doa litapotea lakini mstari utaonekana haujakatika. Ubongo haukuachii shimo jeusi. Unaendeleza kile kilicho pembezoni.

Na kwa wenzetu wa pwani: pweza hana pengo hilo. Waya za neva zake zinatokea nyuma ya seli zinazopokea mwanga. Za kwetu zinapita mbele yake, hivyo lazima zitoboe retina mahali fulani ili zitoke.

Nimempiga picha mpwa wangu wa miezi 10 kwa simu yenye flashi. Jicho moja limetoka jekundu, la pili mboni yake ni nyeupe. Simu ni mbovu?
*Shangazi, Mombasa*

Shangazi, tafadhali usisubiri picha nyingine. Wekundu ni wa kawaida: mwanga wa flashi umegonga nyuma ya jicho penye mishipa mingi ya damu na kurudi. Weupe unamaanisha kwamba pengine kuna kitu kinaurudisha mwanga kabla ya hapo. Inawezekana flashi iliangukia tu kwenye kichwa cha neva, pale neva inapotokea jichoni, na mtoto ni mzima. Inawezekana pia ni mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Kwa picha huwezi kuzitofautisha. Mpelekeni ndani ya siku chache kwenye hospitali yenye kliniki ya macho, mwende na picha yenyewe, na mkubali atiwe dawa ya kutanua mboni ili retina yote ionekane. Saratani hii ikiwahiwa hutibika, na mara nyingi jicho huokolewa. Ikicheleweshwa hufuata neva hadi kwenye ubongo.

Nikijitazama kwenye kioo siyaoni macho yangu yakihama kutoka jicho moja kwenda jingine, lakini mke wangu akisimama kando anayaona. Kwa nini?
*Msomaji, Kigoma*

Kwa sababu macho yanaporuka, ubongo unaizima sehemu kubwa ya picha. Macho huruka hivyo mara 3 hivi kila sekunde, na kila mruko huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Usingezimiwa, dunia ingekuwa inapakazwa mbele yako kutwa nzima. Muda uliopotea unajazwa na kile unachokiona mara baada ya kutua. Ndiyo maana ukiitupia jicho saa ya ukutani, mshale wa sekunde wakati mwingine unaonekana umesita kidogo kabla ya kuendelea.

Baba alipata kiharusi. Hospitali wamempima macho wakasema ni mazima, lakini anagonga milango ya upande wa kushoto na anaacha nusu ya ugali kwenye sahani. Tumnunulie miwani?
*Binti yake, Tanga*

Pole, binti. Miwani haitamsaidia, kwa kuwa kilichoharibika kiko mbali na macho. Nyuma ya macho neva mbili hukutana, na nusu ya nyuzi zake, zile zitokazo upande wa pua wa kila retina, huvuka kwenda upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba kila kitu kilicho kushoto kwako, uwe unakiona kwa jicho la kulia au la kushoto, huishia nusu ya kulia ya ubongo. Kutoka makutano hayo ujumbe hupitia kituo kilicho katikati ya ubongo, kisha hufika kisogoni. Huko seli moja moja huitikia mistari na kingo za mwelekeo fulani. David Hubel na Torsten Wiesel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi hiyo. Kiharusi kikikata njia upande wa kulia, baba anapoteza upande wa kushoto katika macho yote mawili.

Mnaweza kulihakiki nyumbani. Kaeni mkitazamana, umbali wa mita moja. Baba afunike jicho moja, akukazie pua, nawe uchezeshe kidole kutoka pembeni kushoto kwake, kisha kulia. Rudieni kwa jicho la pili. Upande wa kushoto ukikosekana kwa kila jicho, tatizo liko nyuma ya makutano ya neva. Likiwa kwenye jicho moja tu, lipo jichoni au kwenye neva yake, na hapo mrudini kliniki ya macho. Mwambieni daktari pia kama baba anasahau kunyoa shavu la kushoto au kuvaa mkono wa kushoto wa shati: hiyo ni hali nyingine, ya ubongo kuupuuza upande mmoja, na mafunzo yake ni tofauti.

Nafuu inayokuja yenyewe hutokea zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Wakati huohuo afundishwe kugeuza kichwa, na si macho peke yake, hadi bega la kushoto kila anapofika mlangoni au barabarani. Akisoma, wekeni rula au mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, na ajue kwamba hajaanza mstari mpya mpaka aone wekundu. Sahani mzungushieni katikati ya mlo. Asiendeshe gari wala pikipiki. Na upofu wa ghafla wa upande mmoja ukitokea tena, au kwa mtu mwingine nyumbani, huo ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo: ondokeni saa hiyo hiyo.

Taa za LED za bei poa karakanani kwangu zinaumiza kichwa, na nikizipiga video kwa simu naona mistari inapita. Macho yangu hayaoni kumeta kokote. Ni umeme au ni macho?
*Fundi wa kerezo, Nakuru*

Ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa isiyo na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya kutosha ndani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa kawaida jicho huunganisha mimweko ikizidi 60 hivi kwa sekunde, lakini kutokuiona hakumaanishi kwamba retina haiipati, na watu wengine huumwa kichwa. Chezesha kalamu haraka chini ya taa: ikiacha utando mmoja laini, taa ni nzuri, ukiona kalamu nyingi zilizotengana, taa inameta.

Kwako hatari ni kubwa kuliko kichwa kuuma. Kifaa kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde, na chini ya taa inayomweka mara 100 kinaweza kuonekana kimesimama tuli. Juu ya mashine weka taa yenye draiva inayolainisha umeme. Taa ya volti 12 inayotoka moja kwa moja kwenye betri ya sola nayo inafaa, ilimradi haina kifaa cha kupunguza mwanga, kwa sababu vingi vya vifaa hivyo hupunguza kwa kuzima na kuwasha harakaharaka. Kama taa inameta kwa namna ambayo jicho linaiona wazi, kabla hujainunulia nyingine kaza waya kwenye holda na upime volti wakati mashine kubwa inapowashwa.